Siku Tulipochomoa Kuni

Mimi nina hasira za karibu. Mume wangu husema zimekaa mlangoni kama kandambili, mgeni akiingia tu anazikanyaga. Simbishii. Shuleni, wanafunzi wangu wa darasa la tano wanasoma nyusi zangu kabla ya kusoma ubao, na katika mtaa wetu, hapa Uvira, juu kidogo ya bandari ya Kalundu, wapo watu wanaovuka barabara wakiniona nimebeba mwiko. Mara nyingi hasira hizo huniletea aibu tu. Siku ninayotaka kuisimulia zilifanya kazi ya maana.

Mwiko wenyewe si wa jikoni kwangu. Ni wa matanga. Huku kwetu nyumba ikifiwa, wenye msiba hawapiki. Mabinti na wajukuu wa marehemu wanatandikiwa mikeka sebuleni na wanakaa pale mpaka siku ya kuondoa matanga. Hawashiki sufuria, hawashiki ufagio, hawashiki ndoo. Sisi majirani ndio tunaoingia na kuni zetu, unga wetu wa muhogo, ndagala zetu, yaani dagaa, na sombe ya majani ya muhogo, tunapanga mafiga uani na kumlisha kila anayekuja kulia. Masufuria makubwa ya mtaa, yale ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, yanahifadhiwa chumbani kwangu. Kwa sababu hiyo mimi ndiye ninayeamua nani asonge bugali, nani atwange sombe, na nani akakae pembeni kwa kuwa mdomo wake unafanya kazi kuliko mikono. Ni kero, na siwezi kumwachia mtu mwingine.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mwenye mashua. Mashua zake za mbao zenye injini hushuka na saruji, bia na unga hadi mji wa Baraka, na hurudi na mawese, mkaa na samaki wa kukaushwa. Ni mtu wa heshima, mzee wa kanisa, mchangiaji mzuri. Nyumbani kwake walikuwapo mkewe, watoto wao waliokuwa wanasoma, mama yake mzazi aliyepooza, na msichana mmoja.

Msichana huyo aliletwa akiwa mdogo kutoka upande wa Luvungi, kwenye uwanda wa Ruzizi, wakati watu wa huko walipokuwa wanakimbia na mama yake alikuwa ameshafariki. Mwenye mashua alisema atamsomesha. Dawati hakulikalia hata mara moja. Mimi nilimwona akikua kwa kumtazama juu ya ukuta. Mwanzoni niliona beseni tu likitembea lenyewe, miaka ikapita likaja paji la uso, kisha macho, na mwishowe mabega. Beseni halikuwahi kutoka kichwani.

Jogoo alimkuta ameamka. Bomba likikauka, na bomba la mtaa wetu hukauka linavyotaka, aliteremka ziwani na madumu. Alifua nguo za nyumba nzima, aliuza mandazi ya mama mwenye nyumba kwa wabeba mizigo wa bandarini na kurudisha kila faranga aliyopewa, kisha akamsafisha yule bibi kizee, akamgeuza, akamlisha. Alilala ndani ya depo, yaani ile stoo ya bidhaa, juu ya magunia matupu katikati ya madumu ya mawese. Alipigwa pia. Ukuta unazuia macho, sauti haizuii. Siku za kuandikisha watu kadi za kura, ambazo kwetu ndizo kitambulisho, alifungiwa humo depo, kwa hiyo hakuwa na kadi, na aliambiwa kwamba msichana asiye na kadi hapiti kizuizi chochote cha barabarani. Aliambiwa pia kwamba ndugu zake wote walikwisha kufa. Kwa hiyo hata kama mlango ungeachwa wazi, na mara nyingi uliachwa wazi, alijua hana pa kwenda.

Ukiuliza, jibu lilikuwa moja. Ni mtoto wetu. Kwa nini hasomi? Ni mtoto wetu, tunajua anachoweza. Kwa nini halipwi? Nani anamlipa mtoto wake? Nilimwendea mama mwenye nyumba mara nyingi, nikiwa nimejikaza niwe mpole, jambo ambalo linanichosha kuliko kutwanga. Aliniambia kwa tabasamu kwamba madamu wa shule afundishe shuleni. Nilikwenda kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu. Akakuna kidevu, akasema mambo ya ndani ya familia hayaingiliwi. Neno mtoto lilikuwa limefunga kila mlango, na kibaya zaidi ni neno zuri. Mtu akikuonyesha mnyororo utapiga kelele. Akikuonyesha mtoto wake utasema Mungu amkuze.

Nikiri kitu kimoja kuhusu kazi yangu ya ualimu, kwa sababu kilikuwa kinanitia wazimu. Katika historia ya darasa la tano kuna somo la misafara ya watumwa. Ziwa letu limo, wafanyabiashara wamo, pembe na minyororo imo. Somo linaishia kwenye sentensi kwamba utumwa ulikomeshwa, na watoto wanainakili kwa mwandiko mzuri. Mwaka mmoja nilikuwa naiandika sentensi hiyo ubaoni na dirisha liko wazi, na yule msichana anapita nje na beseni la mandazi, ametazama chini, kandambili zake zimefungwa kwa waya. Nikasimama na chaki hewani. Nilitaka kuifuta sentensi, lakini mkaguzi akipita ningemwambia nini? Nikaiacha, na siku nzima nikawafokea watoto wasiokuwa na kosa.

Wasomi wanajadili kama jambo hili liitwe hivi au vile. Mimi sina muda huo. Mtu anayefanya kazi bila malipo, bila ruhusa ya kuondoka, kwa kutishwa na kudanganywa, na matunda yake yanaliwa na mwingine, ni mtumwa, hata kama anakula kwenye sahani moja na watoto wa nyumba. Huyu hata sahani hiyo hakuipata. Na liko Uvira, liko uwandani, liko kwenye machimbo ya dhahabu huko Fizi, liko katika miji mikubwa yenye taa. Halijaisha kwa sababu wengi wetu tunalifahamu kwa jina lingine.

Basi bibi kizee akafa.

Alikufa asubuhi, mikononi mwa yule msichana, akiwa anapewa uji. Hilo nalijua kwa sababu kilio cha kwanza kilichovuka ukuta kilikuwa chake, na kilikuwa cha kweli. Walipendana wale wawili. Bibi yule alikuwa amenyang'anywa na maradhi miguu na nusu ya ulimi, lakini nusu iliyobaki aliitumia kumwita msichana kwa jina lake, wakati wengine wote pale ndani walimwita weye. Msichana alimwita koko, kama wajukuu wanavyomwita bibi yao.

Tulifanya kama desturi. Turubai likafungwa, viti vikaja kutoka kanisani, wanaume wakakaa na simu zao na mazungumzo yao ya bei ya mafuta. Mikeka ikatandikwa sebuleni, wakakaa mabinti wa marehemu, mkubwa wao akiwa dada wa mwenye mashua aliyepanda gari la kwanza kutoka Bukavu. Wakakaa wakwe na wajukuu. Mimi nikaingia uani na jeshi langu la masufuria, na mtu wa kwanza kugongana naye alikuwa msichana, macho yamevimba, madumu mawili mikononi, ametumwa maji na mama mwenye nyumba. Alikuwa anamlilia koko wake huku anatembea. Machozi yalimwishia kidevuni kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Nitawaambia ukweli, sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na kisirani tu, na nilikuwa nakoroga maharagwe kwa nguvu hadi wenzangu wakanisihi nisiyaponde.

Aliyetuletea mpango ni mwenye mashua mwenyewe, kwa kupenda sifa. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, wageni wakiwa wamejaa, wazee wa kanisa wakiwa mbele, mmoja wao akasimama kumpongeza kwa jinsi mama alivyotunzwa miaka yote ya kitandani bila kupata hata kidonda. Kweli, hakuwa na kidonda. Mwenye mashua akainuka, akashika koti lake, akawashukuru. Halafu akasema kwamba hakuajiri mtu wa nje. Mama yake, alisema, ametunzwa na damu yake, na mjukuu wake, binti huyu mliyemwona humu ndani, ambaye ni mtoto wetu kabisa, kama hawa wengine, na mbele ya Mungu hatumtofautishi. Watu wakaitikia. Wengine wakapiga makofi ya msiba, yale ya polepole.

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nikawatazama wenzangu na wao wakanitazama, na nadhani tulifikiri jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sababu hakuna aliyeuliza ninakwenda wapi.

Nilimkuta msichana kwenye mlango wa nyuma na madumu yake. Nikayachukua. Hakutaka kuyaachia, vidole vyake vilikuwa vimezoea kung'ang'ania, nikamwambia taratibu kwamba ameitwa. Nikamshika mkono, nikampitisha uani, nikampitisha mbele ya wanaume na turubai lao, nikaingia naye sebuleni, nikamkalisha kwenye mkeka katikati ya wajukuu wengine. Nikavua kitenge changu cha juu, nikamfunika mabega kama anavyofunikwa aliyefiwa. Dada wa Bukavu akasogea bila kuuliza, akampa nafasi.

Mama mwenye nyumba hakuwa kwenye mkeka wakati ule, alikuwa anazunguka kukagua. Alipomwona pale, alimwambia ainuke, maji hayajatosha. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwambia mtoto afunge dirisha. Msichana akaanza kuinuka. Nikamwekea mkono begani, nikajibu mimi.

“Mama, maji minye nitabeba. Mutoto wa kilio hashikake ndoo.”

Akasema nisimletee mambo ya shule nyumbani kwake, kwamba yule ana kazi zake na anazijua. Akamwita tena ainuke, na mara hii sauti haikuwa ya kawaida. Nami sikubishana. Nikatoka uani, nikainama kwenye figa la sufuria kubwa la bugali, maji yakiwa ndiyo kwanza yanachemka, nikachomoa kuni. Nikazitupa pembeni zikifuka moshi. Mwenzangu wa maharagwe akachomoa zake. Wa ndagala akachomoa. Wa sombe, ambaye ni mwoga na mumewe anafanya kazi kwenye mashua za yule bwana, alisita kidogo, akajifuta mikono kwenye kitenge, akachomoa na zake. Kisha sote tukakaa chini kando ya majivu, mikono mapajani.

Asiyeijua Uvira ataona ni kioja cha wanawake. Anayeijua anaelewa. Kuni zikichomolewa kwenye matanga, maana yake majirani wameikataa nyumba. Ni jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kwa mama yangu tu, sikuwahi kuliona. Mwenye msiba hawezi kwenda kuziwasha mwenyewe, atajilaani mbele ya marehemu wake. Hawezi kuajiri wapishi, hakuna mwanamke wa mtaa mwingine atakayegusa figa lililokataliwa. Wageni watarudi makwao na njaa, na kila mmoja atasimulia njiani. Jiko lilikaa kimya, na ukimya wake ukafika chini ya turubai haraka kuliko harufu ya chakula ingefika.

Mwenye mashua akaja mwenyewe uani, wazee wa kanisa nyuma yake. Alikuwa mpole. Akaniita madamu, akaniuliza kwa adabu kama kuna kilichopungua, unga au mafuta, aagize. Nikainuka.

“Baba, umesema mbele ya batu kama huyu ni mutoto wenu,” nikamwambia. “Mutoto iko na mukeka. Kama hapana mutoto, utuambie iko nani.”

Nilimwona akitafuta pa kutokea. Akifungua mdomo kusema si mtoto, basi angesema mbele ya kanisa lake na mtaa wake kwamba amemfungia mtu wa watu miaka yote ile akimtumikisha bure. Akisema ni mtoto, basi mtoto ana haki zake zote, na kwenye matanga haki hizo ni nyingi. Mtoto halali depo. Mtoto hatumwi. Mtoto wajomba zake hupelekewa habari, waje kulia pamoja naye. Na siku ya kuondoa matanga mtoto anapewa nafasi ya kusema, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza. Yeye aliyafahamu yote hayo vizuri kama mimi. Akasema bila shaka ni mtoto, mkewe amechanganyikiwa na huzuni, akae tu.

Tukawasha kuni. Sijawahi kusonga bugali kwa raha namna ile. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, na mwenzangu wa maharagwe alikuwa anaimba wimbo wa pambio la Pasaka, wimbo usiofaa kabisa kwenye msiba, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jambo la kwanza ambalo msichana alifanya kwenye mkeka ule ni kulala. Alilala mchana, ameketi, kichwa ukutani, kisha akateleza taratibu mpaka begani kwa dada wa Bukavu. Waombolezaji waliingia na kutoka, nyimbo zikaimbwa juu yake, hakuamka. Dada yule alimtazama mikono. Ilikuwa imepasuka kwa magadi na chumvi, kucha zimeliwa, na kwenye kifundo kulikuwa na alama ya moto. Akaniuliza kwa macho. Nikamjibu kwa macho. Baadaye alikwenda akafungua mlango wa depo, akasimama pale akitazama magunia, na aliporudi hakuongea na kaka yake siku hiyo nzima.

Kwa kuwa mtoto aliyefiwa lazima wajomba wake waarifiwe, nilikaa naye nikamuuliza anakumbuka nini cha kwao. Alisema wote walikufa. Nikamwambia sawa, lakini anitajie hao waliokufa. Alikumbuka kidogo sana, Kirundi chake chenyewe kilikuwa kimebaki cha mtoto mdogo. Alikumbuka kaka wa mama yake aliyekuwa akitengeneza baiskeli kando ya barabara kubwa, karibu na kanisa la Wakatoliki, na kwamba alikuwa na mguu mmoja mfupi. Nikateremka kwenye kituo cha pikipiki za uwandani, nikamkuta motari, dereva wa pikipiki, wa Luvungi, nikamuuliza. Alicheka. Alisema huyo sasa anatengeneza pikipiki, na hakuna motari wa njia ile asiyemjua, kwa sababu ndiye anayewakoromea wote wasiobadilisha mafuta ya injini. Yu hai? Yu hai sana, alisema. Nilimpa ujumbe aupeleke, nikarudi nikipanda kilima nusu nikikimbia, mwanamke mzima mwenye heshima zangu, na kila niliyempita nilimsalimia kama vile sikukuu imefika.

Sikumwambia msichana kitu. Niliogopa. Mtu aliyezoea kuambiwa uongo unamwonyesha, humwambii.

Mjomba alikuja kesho yake na wanawake wawili wa kwao, wamebeba mchele wa uwandani na kuku, kama inavyotakiwa kwa watu wanaokuja kulia na mtoto wao. Alisimama mlangoni mwa sebule kwa ule mguu wake mfupi, kofia mkononi, akiwatazama wasichana kwenye mkeka mmoja mmoja, na hakumjua. Msichana alimjua. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa magoti, akamshika ule mguu kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Mjomba akataja jina la dada yake aliyekufa, akalirudia, akaketi sakafuni, na wanawake wa uwandani wakaanza kilio cha kwao ambacho sisi wa ziwani hatukijui, cha sauti ya chini, na sebule nzima ikalia. Sijui kama kuna aliyekuwa bado anamlilia bibi kizee. Nadhani yeye mwenyewe angekubali.

Tukapata kujua. Mjomba alikuja Uvira mara nyingi miaka ile. Aliambiwa msichana amevushwa kwenda Bujumbura shuleni. Baadaye akaambiwa ni msichana mkubwa wa mjini sasa, hataki kuwaona watu wa mashambani. Alirudi akaamini, kwa sababu aliyemwambia alikuwa mtu wa heshima na yeye alikuwa fundi wa baiskeli.

Siku ya kuondoa matanga ilikuwa ya jua. Baada ya sala, mikeka ilitolewa nje, na kwa desturi kila mtoto wa nyumba akaulizwa, kuanzia mkubwa, ana neno gani na anaomba nini kwa familia. Mmoja aliomba kitenge cha marehemu, mwingine kiti chake, mwingine aliomba tu wapendane. Zamu ya msichana ilipofika, mama mwenye nyumba alitazama pembeni. Msichana alisimama. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu bila beseni kichwani, na hakujua mikono yake aiweke wapi, akaishikanisha nyuma kama wanafunzi wangu.

“Koko nilimupenda,” akasema. “Ile kazi ya koko sisikitiki. Ile ingine yote, minye sikukubali. Sitaki kitenge. Nataka museme hapa, mbele ya batu, mulinifanya nani.”

Mwenye mashua alitazama viatu vyake. Hasira zangu zilikuwa zimeshanifungua mdomo, na mwenzangu wa sombe akanibana mkono ili nisiseme, na alifanya vizuri, kwa maana neno hilo halikuwa langu. Alilisema dada wa Bukavu. Alisimama, akafungua kitambaa cha msiba kichwani, akamgeukia msichana na siyo kaka yake.

“Tulikufanya mutumwa,” akasema. “Mutoto wetu haukuwa. Tulidanganya.”

Mzee mmoja wa kanisa akaanza kusema kwamba neno hilo ni zito. Hakuna aliyemsikiliza. Mwenye mashua akakaa chini, na niseme ukweli, sikumwonea huruma hata kidogo. Wengine watasema ningepaswa. Labda nikizeeka.

Niruke mbele kidogo, halafu nirudi. Kesi ipo, mjomba aliifungua, na inakwenda mwendo wa kesi za kwetu, lakini inakwenda, na dada wa Bukavu ni shahidi. Katika mtaa wetu wanawake wa masufuria wameweka sharti, na limeshashuka mpaka Kalundu chini na kando ya ziwa hadi Makobola. Kabla ya kuwasha kuni kwenye matanga, tunauliza kila anayeitwa mtoto wa nyumba ile analala wapi. Tunakwenda kupaona. Msidhani watu wanatupenda. Lakini wakati shule zilipofunguliwa mwaka uliofuata, nilipokea darasani wasichana wakubwa waliokuwa hawajawahi kushika kalamu, wameletwa na mama zao wa kulea wakiwa wamenuna, kila mmoja na sare mpya. Niliwaweka mbele. Somo la misafara nalifundisha bado, na ile sentensi ya mwisho hatuinakili tena. Tunaijadili, na wale wakubwa ndio wanaosema zaidi.

Sasa nirudi kwenye jua la siku ile. Watu walikuwa wanaagana, turubai linafunguliwa, sisi tunasugua masufuria kwa mchanga. Mjomba alikuwa amewasha pikipiki na kuizima tena, akisubiri. Alikuwa amekuja na kamba nyingi za mpira za kufungia mizigo, ndefu, nzuri, alizozikata mwenyewe kutoka kwenye matairi ya ndani, kwa kuwa alifikiri binti aliyekaa mjini miaka yote hiyo atakuwa na sanduku, pengine na godoro. Msichana akatoka nje kwa mlango wa mbele, amejifunika kile kitenge changu. Mjomba akazinyoosha kamba zake, akamuuliza vitu vyake viko wapi avifunge.

Msichana akatazama mikono yake, akatazama ile pikipiki, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona akicheka.

“Bintu haiko, mjomba,” akasema. “Iko minye tu. Munibebe.”